Kaka Yako Alivyoikataa Barua Yangu ya Kuomba Kazi

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Uwanja wa Soko,
S.L.P. 218.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu tele, na zitakazobaki ziweke akiba, maana sijui nitashika kalamu tena lini. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wale mapacha, meno yameshaota au bado wanacheka na mapengo yao? Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba unakuuma ukisimama muda mrefu kazini. Kaa chini, wifi. Ukiona mkubwa wako anakutazama vibaya, kaa tu, mwambie umetumwa na wifi yako.

Sisi huku wazima. Kaka yako anakula, anatembea, anabishana na redio mpaka majirani wanadhani tuna mgeni. Binti yetu amemaliza mitihani ya chuo na sasa analala kama mtu aliyetoka kupakua shehena ya meli. Mimi nami sina neno, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeanza kujifanya mtabiri wa mvua.

Ulisema umechoka na ujumbe wa simu wa mistari miwili, unataka barua yenye mwanzo na mwisho. Haya, vuta kiti. Nina jambo la kukusimulia, na wewe mwenyewe umo ndani yake, kwa hiyo usije ukasema sikukuonya.

Unajua kwamba kiwanda cha uchapaji kilifungwa, na mimi niliyekaa pale mlangoni miaka yote hiyo, mpaka ukoo wenu mzima ukanibatiza jina la Mapokezi, nikarudi nyumbani na sufuria yangu ya maua. Unajua pia kwamba ni kipindi hichohicho macho ya kaka yako yalipokwisha. Presha ya macho ilianza kumla uoni wa pembeni, akawa anagonga mabega kwenye miimo ya milango aliyoitengeneza mwenyewe, kisha ikaingia katikati. Nyumba ikawa na seremala asiyeona na mapokezi asiye na mlango. Tukaishi hivyo, yeye akimaliza stuli ambazo mwenzake wa karakana ya jirani alimkatia mbao, mimi nikishona mashuka ya watu. Tulikuwa tunaenda, lakini tulikuwa tunaenda kwa kuchechemea.

Basi mwezi wa tatu binti yetu akarudi na picha ya tangazo alilolikuta kwenye ubao wa chuo. Shirika moja la hisani, dogo, linalowasaidia watu waliopoteza kuona wakiwa watu wazima. Wanawatembelea majumbani, wanawafundisha kutumia fimbo nyeupe, kupika, kurudi kazini. Walitaka mratibu wa matembezi hayo, mtu wa kupokea simu, kupanga zamu za wanaojitolea na kwenda kuonana na familia. Cheti hawakukisisitiza. Walichotaka ni barua isiyozidi kurasa mbili, mwombaji aeleze kwa mifano kwa nini anaifaa kazi. Wifi, nililisoma lile tangazo nikahisi limeandikwa na mtu aliyekuwa amejificha jikoni kwangu.

Nikaenda kwa Mwalimu mstaafu, yule jirani yetu anayewaandikia watu barua zote za mtaa huu. Alifurahi sana. Alivaa miwani, akanyoosha karatasi, akaanza kama anavyoanza siku zote: tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kisha akaniandika mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwadilifu, mwenye bidii, niwezaye kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo. Akamalizia kwamba ningeshukuru sana endapo ombi langu litafikiriwa. Mwandiko wake unaujua, mtu anaweza kuutundika ukutani.

Nikampelekea binti aichape. Aliisoma mara moja, akanirudishia.

"Mama, umo wapi humu?"

"Si jina langu hilo hapo chini?"

"Ukilifuta jina, Mwalimu anaweza kuitumia barua hiihii kuombea kazi ya ulinzi wa benki."

Nilichukia, lakini niliisoma tena nikaona ana haki. Ilikuwa barua safi isiyo na mtu ndani.

Ndipo ulipopiga simu. Nakukumbusha maneno yako kwa sababu uliyasema kwa nguvu mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Ulisema, "Mapokezi, wale ni watu wa huruma. Waandikie habari za kaka. Walie kwanza, kazi itafuata yenyewe." Nami nikaona huo ndio ushauri. Kwani nilikuwa na nini kingine? Nikakaa mchana mmoja, nikaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Nikaandika jinsi fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa anavyopapasa ukuta kutafuta choo. Nikaandika ninavyomvisha na kumlisha. Nikaandika giza, machozi, usiku usio na usingizi. Katikati ya ukurasa wa pili nikaweka sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote, kwamba mume wangu ni mzigo ambao Mungu amenitwika na ambao ninaubeba kwa upendo. Nilipoisoma nililia mwenyewe, nikajua imekolea.

Kaka yako alikuwa uani, anapiga msasa miguu ya stuli. Alikuwa amesikia kalamu ikikwaruza mchana kutwa, akaniita nimsomee. Sikuona ubaya. Nikakaa juu ya kigogo, nikasoma kwa sauti, tena kwa madaha, kama mtu anayesoma habari redioni.

Mkono wake ulianza kwenda polepole nilipofika kwenye choo. Nilipofika kwenye mzigo, ukasimama.

"Mzigo wa kilo ngapi?" akauliza.

Nikacheka. Nilidhani ni mizaha yake. Nilipomtazama usoni nikaona hapakuwa na mzaha.

"Endelea," akasema. "Maliza."

Nikamaliza. Aliuweka msasa chini, akaupapasa ukingo wa meza ya kazi mpaka mwisho, akaingia ndani. Siku ile alikula na kulala bila kuniambia chochote zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Kesho yake vivyo hivyo. Kaka yako akibishana hana tatizo, unamjua. Akinyamaza ndipo mtu anatafuta pa kujificha.

Wifi, sitakudanganya, nilikasirika. Nilijiambia, mimi ninatafuta kazi ya kutulisha sote, yeye ananipimia maneno kwa mizani. Barua ilikuwa imeshachapwa. Siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa Ijumaa. Binti aliniuliza, "Niitume?" Kidole chake kilikuwa tayari. Nikafungua mdomo nimwambie tuma, neno lililotoka likawa "subiri". Mpaka leo sijui lilitoka wapi.

Siku ya tatu asubuhi kaka yako aliniita uani. Akanisukumia stuli.

"Kaa. Gundi yake haijakauka vizuri, usijitingishe." Nikakaa. "Ukipata kazi hiyo, nitakuja ofisini kwenu siku moja?"

"Utakuja. Kwa nini usije?"

"Nikiingia, watasema ni nani?"

"Watasema ni mume wa Mapokezi."

"Hapana. Watasema, kumbe ndiye yule. Watashusha sauti kama wako msibani. Wa kwanza atanikamata mkono bila kuniuliza, wa pili atakuuliza wewe kama mimi nakunywa chai. Umeshawaandikia kwamba mimi ni gunia. Unataka wanipokee kama nani?"

Nikamwambia ni maneno tu, ya kuupita mlango. Kila mwombaji anatia chumvi.

"Na ukishaupita mlango? Kazi yenyewe si kwenda kwenye nyumba za watu kama mimi? Utawaendea na maneno hayohayo?"

Nikawa naitazama ile stuli niliyoikalia, ilivyolainika, mtu hawezi kujua mikono iliyoilainisha haikuiona.

Akaendelea, sauti imeshuka kidogo. "Halafu ile ya kunilisha umeitoa wapi? Mimi sijalishwa na mtu tangu nilipokuwa na meno mawili."

"Ni ushauri wa mdogo wako," nikasema. Nisamehe, wifi, nilikutosa. "Alisema walie kwanza."

Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku zile. "Yule! Yule akienda kuomba kiberiti kwa jirani anaanza kwa kulia."

Kicheko kile kilitufungua sote wawili. Nikamuuliza basi nimwandike vipi. Akasema nisimwandike kabisa, kazi haombi yeye. Nikamwambia mimi sijafanya kitu cha kuandika. Nilikaa mlangoni kiwandani, kisha nikakaa nyumbani. Akasema, "Haya, kama hukumbuki, nitakukumbusha," akaanza kunisimulia mimi mwenyewe, wifi, kama mtu anayemsimulia mgeni habari za mtu mwingine.

Alianza na kliniki. Siku za mwanzo nilikuwa nafanya kila kitu kwa niaba yake. Nesi aliniuliza mimi, kana kwamba yeye hayupo, "Anasikia maumivu?" Nikajibu, "Hapana." Kaka yako akasema, tena mbele ya benchi zima, "Nesi, mdomo wangu haujapofuka. Maumivu ninayo." Nilitamani sakafu inimeze. Lakini tulipokwenda tena, nesi aliponigeukia nilimwambia, "Muulize mwenyewe." Na palepale benchini nilimsikia binti wa watu anamjibia baba yake, nikamnong'oneza mambo yaliyonikuta. Kaka yako anasema benchi lile lilibadilika. Mimi sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Kisha akanikumbusha dereva wa lori. Huyu tulimfahamu kupitia mke wake, tuliyekaa naye benchini alipokuja kumchukulia dawa. Tangu apoteze macho alikuwa amejifungia chumbani, hataki mtu. Nikaomba ruhusa, nikaenda, nikamchukua na kaka yako. Mimi na mke wake tulikaa sebuleni, wanaume tukawaacha chumbani. Kaka yako akamwambia ana kiu ya soda lakini hajui njia ya kwenda dukani. Dereva akamwelekeza. Kaka yako akarudia maelekezo, akakosea. Dereva akamwelekeza upya. Kaka yako akakosea tena, kwa makusudi kabisa, akasema kulia pale palipotakiwa kushoto. Dereva aliyezunguka barabara za nchi nzima hawezi kuvumilia hayo. Akaruka kutoka kitandani, akasema, "Wewe mtu mgumu! Nifuate!" Wakatoka. Wifi, ungewaona! Wasioona wawili, mmoja na fimbo nyeupe na mwingine na ufagio, wanagombana kushoto na kulia katikati ya njia, na sisi wake zao tuko nyuma tumeziba midomo kwa khanga tusisikike tunavyocheka. Dukani walifika. Soda walikunywa. Dereva alirudi nyumbani amelowa jasho, akauliza kesho kaka yako atakuja saa ngapi.

Baada ya hapo wake wa lile benchi tukaanza kupeana zamu za kuwasindikiza wale wasio na mtu wa kwenda nao kliniki. Mimi ndiye niliyepanga, kwa simu, maana kiwandani nilizoea kupanga magari ya kupeleka mizigo na kuwatuliza wateja waliochelewa kupata kadi zao za harusi. Nilikuwa naona ni mambo ya kawaida ya watu kusaidiana. Kaka yako akasema, "Sasa mratibu ni mtu gani, kama si huyo?"

Tukaanza upya. Binti aliliweka tangazo mezani, akashika kila sharti na kuniuliza, "Mfano?" Nikisema mimi ni mvumilivu, anasema, "Mfano?" Nikisema najua kuzungumza na watu, "Mfano?" Nilifikia mahali nikataka kumchapa. Kujisifu ni kazi ngumu, wifi, hasa kwa mtu aliyelelewa akae kimya wakubwa wakiwasifu wengine. Lakini nikagundua kwamba ukieleza tu kilichotokea, huhitaji kujisifu. Habari ya dereva niliiandika kama ilivyotokea, hata ufagio sikuuondoa. Kwanza tulimpigia dereva kumwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti kwamba niandike yeye ndiye aliyeijua njia.

Nakunakilia sehemu moja uone ilivyokuwa:

"Kwa muda mrefu nilijibu maswali aliyoulizwa mume wangu, seremala. Nilidhani ndiyo msaada. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikanya, mbele ya watu. Tangu hapo nikiingia kwenye nyumba ya mtu aliyepoteza kuona, ninamsalimia yeye kwanza, ninamwambia mimi ni nani, na sishiki mkono wa mtu kabla ya kumuuliza. Sijasomea kazi hii. Nimeikosea, nikasahihishwa, nikaendelea nayo."

Nilimsomea kaka yako barua yote. Hakulalamika ila mahali pamoja tu. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "mume wangu, aliyekuwa seremala". Akanyoosha mkono kama anayezuia gari.

"Ondoa hilo 'aliyekuwa'."

Nikaliondoa.

Mwalimu aliipitia mwishoni. Aliongeza mikato mitano, akaondoa mitatu, na akasikitika sana kwamba hatukurejea kichwa cha habari hapo juu. Tulipatana: kichwa cha habari kikabaki, maneno ya 'tafadhali rejea' tukayaondoa. Ijumaa mchana binti akaituma. Ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

Wakakaa kimya. Unajua ukimya wa waajiri ulivyo, simu ikilia unakimbia, unakuta ni kampuni ya simu inakutangazia nyimbo. Nilishaanza kujiambia kwamba kumbe wewe ndiye uliyekuwa na akili, kwamba ningewapa machozi yao mapema. Nilimwambia hata kaka yako hivyo siku moja nikiwa na hasira. Akasema, "Inawezekana." Hilo liliniuma kuliko kama angebishana.

Kisha wakaniita kwenye usaili.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la dawa. Ngazi zina mkono wa chuma, na pale ngazi zinapoishia chuma kimezungushiwa kamba ili kiganja kijue kwamba mguu umefika. Nilipoishika ile kamba nikasema moyoni, hapa pana mtu anayefikiri. Chumba cha usaili kilikuwa kidogo, meza moja, feni inayopiga kelele. Walikuwa watatu: mkurugenzi, mama wa makamo anayeongea haraka, mhasibu, ambaye hakuongea, na mjumbe wa bodi, wakili, mzee asiyeona mwenye suti iliyonyooka kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

Mkurugenzi aliniuliza habari za zamu na magari, nikajibu bila shida. Wakili alikuwa anapitisha vidole juu ya karatasi yake ya nukta nundu, maandishi ya wasioona. Mwisho akasema, "Mama, barua yako nimeisoma. Dereva amenichekesha. Sasa niambie habari ya mtu uliyeshindwa kumsaidia."

Wifi, hilo Mwalimu hakunifundisha. Nikafikiria kusema hakuna. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba yuko mshonaji mmoja, mama asiyeona wa benchi letu, anayeishi peke yake. Nilikwenda kwake mara ya kwanza akanikaribisha. Mara ya pili nikaona uchafu, nikaanza kufagia bila kumuuliza, nikahamisha na mkasi wake mezani. Akautafuta, akaukosa, akanifukuza. Mara ya tatu hakufungua mlango. Na mpaka siku ile ya usaili alikuwa hajafungua.

"Ungefanya nini sasa?" akauliza wakili.

"Sijui, mzee. Nitarudi nibishe hodi, nimwombe radhi kwa ajili ya mkasi. Akikataa nitaondoka, kisha nitarudi siku nyingine."

Hakusema vizuri wala vibaya. Alisema asante, akasogeza karatasi yake. Nilishuka zile ngazi nikijua nimeharibu. Nyumbani nilipomweleza kaka yako alisema tu, "Angalau hukumdanganya," akanipa kikombe cha chai alichokipika mwenyewe.

Basi nisikuchoshe. Wamenichukua, wifi. Nimeanza tarehe tatu mwezi huu, kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Mkurugenzi alipiga simu nikiwa naanika nguo, nikaitikia "ndiyo" nyingi mpaka akaniuliza kama nimeelewa. Mwalimu anatangaza mtaa mzima kwamba ni ile mikato yake. Nimemwacha, afurahi.

Kazi si lelemama. Simu zinaanza kabla sijavua mkoba. Kuna wanaojitolea ambao wanajitolea kwa maneno tu, siku ya zamu hawaonekani. Kuna ndugu wanaotaka tumchukue mtu wao tukamweke mahali, ukiwauliza mwenyewe anasemaje wanashangaa kwamba mwenyewe ana la kusema. Kwa mshonaji nimekwenda tena. Mlango hakufungua, lakini dirisha alifungua, tukaongea hapo mimi nikiwa nimesimama juani. Aliniuliza mkasi nilikuwa nimeuweka wapi siku ile. Nikamweleza. Akafunga dirisha. Nitakwenda tena wiki ijayo.

Sasa, wifi yangu, nina ombi, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kupiga.

Tangu kaka yako apoteze macho, simu zako zote unapiga kwangu. Unaniuliza, amekula? Analala? Ana huzuni? Mimi nakujibu, naye ameketi hatua chache kutoka hapo, msasa umesimama, anasikia kila jibu. Sikulaumu. Najua ukiisikia sauti yake machozi yanakutangulia, uliniambia mwenyewe. Ulimzoea kaka wa kukubeba mabegani, hujui umwambie nini huyu wa sasa. Lakini nimepata kazi ya kuwaambia watu wengine jambo hili kila siku, nitaona haya nikiwaambia wao na kukunyamazia wewe.

Piga kwake. Namba ni ileile, hajaibadilisha. Simu yake siku hizi humtajia anayepiga, na wewe amekuandikisha humo kwa jina la Bibi Machozi, kwa hiyo usishangae akipokea anacheka. Usimuulize macho. Muulize mbao anazipata wapi, muulize kwa nini anabishana na mtangazaji wa mpira, mwambie habari za mapacha. Atakukatiza kila mara kama zamani. Ukishindwa ukalia, lia, yeye atasubiri.

Nisalimie sana shemeji, umwambie deni lake la kunitembelea bado lipo. Wabusu mapacha kwenye mapengo yao. Binti yetu anasema shikamoo shangazi, na anaomba usimwulize matokeo kabla hayajatoka. Mwalimu naye anakusalimu kwa mwandiko mzuri.

Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki isiyo na masimango, na aulegeze huo mgongo.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, nikaona nimsomee kaka yako, maana sitaki tena kumwandika bila yeye kujua. Alisikiliza yote mpaka hapo penye ombi. Akashika tena msasa, akaupitisha kwenye mguu wa stuli mara mojamoja. Kisha akasema niongeze kwamba Jumapili mchana huwa hana kazi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye kama pacha wangu,

Mapokezi